Kuanza na darubini ya lenzi ya milimita 70

Darubini nyingi za lenzi wanazonunua wanaoanza zina lenzi ya mbele yenye upana wa milimita 70 na urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi mahali mwanga unapokusanyika) wa milimita 700. Boksi linaweza kujisifu kwamba inakuza mara 500. Usiamini. Kikomo chenye maana ni kama mara 2 kwa kila milimita ya upana, yaani mara 140, na hata hapo picha huwa hafifu na yenye kutetemeka. Ukitaka kujua ukuzaji, gawa 700 kwa namba iliyo kwenye lenzi ya jicho: ya milimita 20 inakuza mara 35, ya 10 inakuza mara 70. Anza na ya 20 kila mara. Ile lenzi ya kuzidisha mara 3 iache bokisini.

Miguu mitatu usiivute yote. Ikirefuka ndipo inapotikisika, na kila ukigusa kitasa cha kukaza picha Mwezi unacheza. Iache mifupi, kaa kwenye stuli, na uning'inize dumu la maji la lita 5 katikati, liguse ardhi kidogo lisibembee. Kisha chomeka kiwiko chenye kioo nyuma ya bomba, na lenzi ya jicho ndani ya kiwiko. Ukiruka kiwiko, picha haikazi hata ukizungusha kitasa mpaka mwisho, kwa kuwa urefu wa bomba umepimwa pamoja na njia ya mwanga inayopita humo.

Darubini ndogo ya kulengea irekebishe mchana, jua likiwa mgongoni. Tafuta mnara wa simu ulio mbali, angalau mita 500. Weka ncha yake katikati ya darubini kubwa kwa lenzi ya 20, kaza bomba, halafu zungusha skrubu za ile ndogo mpaka msalaba wake ukae juu ya ncha ileile. Picha ikiwa juu chini ndani yake, ndivyo ilivyo. Usipofanya kazi hii, usiku utautumia wote kupapasa anga.

Jua usilielekezee kabisa, wala kwa ile ndogo: jicho linaungua bila kuuma. Kichujio cha jua kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho kitupe, hupasuka kwa joto.

Usiku itoe nje nusu saa kabla. Usiangalie kupitia dirisha, wala juu ya paa la bati la jirani lililoshinda juani. Hewa ya moto inayopanda huichemsha picha. Ukiona giza au mwanga kiduchu, angalia kifuniko cha mbele: vingi vina kijifuniko kidogo katikati, na watu hufungua hicho tu. Nyota ikionekana kama sahani kubwa, hujapata sayari. Zungusha kitasa mpaka iwe nukta.

Mwezi ni mzuri ukiwa nusu, si mpevu, kwa sababu mashimo yake huonekana pale penye mpaka wa mwanga na kivuli. Ukingo wa zambarau ni kasoro ya kawaida ya lenzi za bei hii. Mshtarii kwa mara 70 huonyesha mikanda miwili na miezi yake minne mikubwa, ingawa mmoja huweza kujificha. Rudi baada ya saa mbili, mpangilio umebadilika. Kwa ukuzaji huo sayari huvuka uwanja wa picha kwa dakika mbili au tatu tu, hivyo iweke ukingoni iingie yenyewe. Kilimia, lile kundi la nyota, kinahitaji lenzi ya 20, la sivyo hakienei.

Kwetu karibu na ikweta, Mwezi na sayari mara nyingi hupita utosini, na huko stendi hizi hukwama: bomba hugonga miguu na shingo inauma. Wahi vikiwa nusu ya njia kutoka upeo wa macho.