Kabla Hujalipia Hoteli ya Kifahari Unguja au Pemba

Picha nyingi za hoteli za pwani hupigwa maji yakiwa yamejaa. Kwa hiyo, kabla hujatoa shilingi, iwe mnakwenda fungate au mnataka siku mbili tatu za kupumzika baada ya kuoza mtoto, usianze na idadi ya nyota wala ukubwa wa kitanda. Anza na bahari: itakuwa wapi siku utakazokuwepo?

Upande wa mashariki wa Unguja, kuanzia Matemwe kushuka mpaka Bwejuu, Paje na Jambiani, maji hukimbia mbali sana. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, yakarudi kujaa saa kumi jioni. Utanywa chai, utavaa nguo za kuogelea, na ukishuka ufukweni utakuta mchanga mtupu, mashamba ya mwani, kina mama wameinama kwenye vigingi vyao, na bahari yenyewe ni mstari mweupe kule mwambani. Mimi napenda sana mandhari hayo. Ila aliyelipa fedha nyingi ili aogelee asubuhi atanuna, na hakuna meneja anayeweza kumsaidia. Maji mafu, yaani siku mwezi ukiwa nusu, hayaendi mbali hivyo, lakini nayo hayajai sana. Basi chukua kalenda, tazama mwezi uko wapi, ndipo uchague tarehe. Asiyetaka hesabu hizi aende Kendwa au Nungwi, kule huogelewa karibu saa zote. Popote utakapokwenda, tia begini viatu vya mpira. Miamba na miiba ya baharini haijali umelala chumba cha bei gani.

Upepo nao una zamu zake. Kusi, Juni mpaka Septemba, hupiga sana mashariki. Wanaoteleza majini kwa tiara pale Paje hufurahi, anayetaka kulala ufukweni na kitabu hafurahi. Masika, kuanzia mwisho wa Machi mpaka Mei, bei hushuka na baadhi ya hoteli hufunga kwa ukarabati. Zinazobaki wazi, uliza kama spa na jiko vinafanya kazi kikamilifu. Ukija ndani ya Ramadhani, chakula cha mchana ni ndani ya hoteli, si barabarani wala mbele ya wanakijiji.

Sasa hiyo spa. Visiwa hivi vilijua kuutunza mwili kabla ya hoteli yoyote. Sultani Seyyid Said alijenga hamamu, yaani nyumba ya kuogea, ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Mwajemi, na Sultani Barghash akajenga ya Hamamni mjini kwa watu wote. Leo zote mbili ni za kutazama tu, hakuna maji wala moto. Lakini kusinga, yaani kusugua mwili kwa mchanganyiko wa manukato uitwao singo, hakukufa. Biharusi wa Unguja bado husingwa, na singo ya kweli ni kazi ya mikono: asumini, mlangilangi, waridi na mrehani, vikachanganywa na liwa, ule unga wa mti unaonukia, na kutiwa marashi mpaka vishikane. Msingaji huchota kidogo kiganjani, akaanza mgongoni, akasugua polepole mpaka nongo zianze kujiviringisha zenyewe na kudondoka kwenye mkeka. Ngozi inayobaki chini yake hunukia mpaka kesho, na shuka nazo hunukia.

Kwa hiyo unapopiga simu hotelini, uliza singo yao inatengenezwa na nani, na lini. Wakikutajia mwanamke wa kijijini anayeitwa siku hiyo, umefika. Wakikusomea jina la chupa iliyotoka nje, unalipia kitu ambacho ungekipata Dubai au Nairobi, na sioni kwa nini uvuke maji kukifuata.

Pemba wana vidonge, mchanganyiko wao wa kusingia, ambao karafuu ndiyo nguvu yake. Mafuta ya karafuu ni makali. Yale yanayokamuliwa kwa makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kwenye kiwanda cha Wawi, Chake Chake, usiyapake mwilini bila kuyachanganya na mafuta mengine kama ya nazi. Mwambie mkandaji akujaribie kidogo ndani ya mkono kwanza, msubiri. Usinyoe miguu siku moja kabla ya kusingwa, utawashwa. Mwenye mimba aseme mapema, bila haya. Aliyeungua jua aahirishe. Na kama kuna ndimu ndani ya mchanganyiko, usitoke juani baada yake, maana maji ya ndimu na jua huunguza ngozi na kuacha madoa meusi. Ndiyo maana masaji ya kawaida naipanga saa nne, maji yakiwa yamekwenda, na singo naiacha jioni.

Uliza pia nani atakukanda. Hoteli nzuri haitashangaa ukisema unataka mwanamke mwenzako, au mwanamume mwenzako. Banda la masaji linaweza kuwa wazi upande wa bahari, pazia tu. Mwenye kutaka stara aombe chumba chenye mlango, na aulize kama bwawa lina saa za wanawake peke yao. Wanandoa wachukue cheti cha ndoa au nakala yake, kwani baadhi ya nyumba za wageni huomba, na kubishana mapokezini usiku wa kwanza wa fungate hakupendezi.

Mji Mkongwe ni habari nyingine. Uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, na hoteli zake nyingi ni nyumba za zamani: ngazi kali, mara nyingi hakuna lifti, na gari haifiki mlangoni. Ukiwa na mama mwenye magoti mabovu, omba chumba cha chini kabla hujalipa.

Pemba inataka mpango zaidi. Hoteli ya Fundu Lagoon hufikiwa kwa boti kutoka Mkoani; ile ya Manta iko Kigomasha, kaskazini kabisa, ukishavuka msitu wa Ngezi, na chumba chake kilichojengwa chini ya maji, kilichofunguliwa 2013, hugombaniwa. Ndege ndogo huruhusu kilo 15 na mabegi laini, kwa hiyo sanduku gumu la harusi libaki nyumbani. Hakikisha usafiri kutoka uwanjani au bandarini umo ndani ya bei, maana pale huwezi kutoka tu na kusimamisha gari.

Kuhusu fedha, omba bei ya mkaazi, yaani ya wanaoishi nchini. Zipo hoteli nyingi zenye bei hiyo na hazikutajii mpaka uulize. Kisha uliza kama kodi na ada za kila usiku zimo, au utaziona siku ya kuondoka. Uliza jenereta inawasha nini: taa peke yake, au na viyoyozi na pampu? Kutoka Desemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja ilikaa gizani baada ya njia ya umeme itokayo Bara kuharibika, na ijapokuwa waya mpya wa baharini ulizinduliwa mwaka 2013, umeme bado hukatika. Maji ya bomba nayo pwani ya mashariki huweza kuwa na chumvi. Mwenye nywele zinazosumbua abebe mafuta yake.

Bandarini Dar es Salaam utaulizwa kitambulisho kabla ya kupanda boti. Chukua chenyewe, si picha yake kwenye simu.