Somo: Kuilinda kadi yako ya benki dhidi ya wezi, hatua kwa hatua

Ndugu wanachama,

Mwizi akiitumia kadi ya mkopo, fedha zinazotoka kwanza ni za benki. Akiitumia hii yetu ya kawaida, ya kutolea fedha ATM na kulipia dukani, zinazotoka ni akiba yako mwenyewe, na unaweza kukaa bila ada ya mtoto huku malalamiko yako yakiendelea kuchunguzwa. Ndiyo maana somo hili linaanzia kwenye akaunti, kabla ya kadi.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha akaunti. Mshahara na akiba vikae kwenye akaunti isiyo na kadi, na ile yenye kadi uwe unaihamishia kwa simu matumizi ya wiki tu. Nikiambiwa nichague hatua moja, nitachagua hii, kwa kuwa hatua nyingine zote zinategemea uangalifu wako, na hakuna aliye mwangalifu saa zote. Omba pia benki ikupunguzie kikomo cha kutoa kwa siku.

Hatua ya pili ni kuikagua mashine. Ukanda mweusi wa sumaku ulio nyuma ya kadi una taarifa zisizobadilika, hivyo kifaa kidogo kilichobandikwa kwenye mdomo wa ATM huweza kuzinakili. Chipu, kile kibati kidogo kilicho mbele ya kadi, ni salama zaidi, kwa kuwa hutengeneza msimbo mpya kwa kila muamala. Ushike mdomo huo kwa vidole viwili uutikise. Ukicheza, au ukiona alama za gundi pembeni, ondoka. Kisha funika vitufe kwa kiganja hata ukiwa peke yako, kwani huenda kuna kamera imefichwa juu yake.

Hatua ya tatu: usimpe mtu kadi yako mbele ya mashine. Mwisho wa mwezi mmoja nilikuwa kwenye foleni nyuma ya mzee mstaafu, akaja kijana nadhifu: “Shikamoo mzee, kadi umeigeuza, nikusaidie.” Akaichukua, akaipangusa kwenye shati, akamrudishia. Mzee alipoitazama vizuri nje, ilikuwa ya rangi ileile lakini ina jina la mwanamke, na namba ya siri kijana alikuwa ameshaiona ikibonyezwa. Nilikuwa nimesimama hatua mbili tu, nami sikuelewa kilichotokea hadi mzee alipoketi ngazini. Pensheni ya mwezi ilikuwa imeshatolewa kwenye mashine nyingine.

Hatua ya nne: namba ya siri, tarakimu tatu za nyuma ya kadi na namba ya uthibitisho inayokuja kwa ujumbe mfupi hazitajwi kwa yeyote anayepiga simu, hata akilijua jina lako kamili. Kata simu, kisha uipigie benki mwenyewe. Namba ya huduma kwa wateja imeandikwa nyuma ya kadi. Ihifadhi kwenye simu leo, maana kadi ikimezwa au ikiibiwa, namba hiyo huondoka nayo.

Maswali ya wanachama

Swali: Ni kweli kwamba ukibonyeza namba ya siri kinyumenyume, ATM inaita polisi?
Jibu: Si kweli. Fikiria mwenye namba 7557: kinyumenyume chake ni ileile.

Swali: Mama yuko kijijini na humtuma mjukuu na kadi. Tufanyeje?
Jibu: Mjukuu ni mwaminifu, lakini namba ya siri ikiandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa pamoja na kadi, atakayeokota pochi ameokota vyote. Ni heri mumtumie mama fedha kwenye simu yake, akatoe kwa wakala.

Swali: Simu yangu imepoteza mtandao ghafla wakati majirani wanao. Inahusiana na kadi?
Jibu: Huenda laini yako imesajiliwa upya na mtu mwingine ili apokee namba za uthibitisho. Wahi kwa mtandao wako wa simu na benki siku hiyohiyo. Kwa hapa Tanzania, piga *106# mara kwa mara uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Swali: Nimekatwa shilingi 2,000 nisizozijua. Nisubiri mwisho wa mwezi?
Jibu: Usisubiri, ndugu yangu. Wezi hujaribu kadi kwa kiasi kidogo kwanza. Ifungie sasa hivi, peleka malalamiko kwa maandishi, na usiondoke tawini bila nakala iliyogongwa muhuri. Benki isipokuridhisha, nakala hiyo ndiyo utakayoipeleka Benki Kuu ya Tanzania, kwenye dawati la malalamiko.