Mazoezi ya moyo kwa mama aliyevuka miaka 60

Nina miaka 67, naishi Ngamiani, Tanga, na presha imenianza tangu hedhi ilipokoma. Wengi wetu ndipo inapoanzia: estrojeni, homoni ya kike, ikipungua, mishipa ya damu hukakamaa, moyo ukawa unasukuma kwa taabu. Dawa zangu nameza kila siku. Mazoezi nayafanya pamoja nazo, si badala yake, na daktari wangu nilimuuliza kwanza.

Anza na kutembea. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukaza. Mimi natembea nusu saa siku 5, nikishamaliza sala ya alfajiri, njia ya Raskazone kabla jua halijawaka. Mwendo wa kukaza ni ule unaoweza kuzungumza na mwenzio, lakini kaswida huwezi kuimba. Usitegemee kuhesabu mapigo kama unatumia dawa za presha aina ya atenolol. Hizo hupunguza mapigo, hesabu itakudanganya. Ukikaribia kumaliza punguza mwendo kidogo kidogo. Ukisimama ghafla damu hubaki miguuni, kizunguzungu kikakushika.

Kutembea peke yake hakutoshi. Misuli hupungua kwa umri, nayo ndiyo inayotumia sehemu kubwa ya sukari ya kwenye damu. Kisukari kikiikuta presha, moyo huumia mara mbili. Basi siku 2 kwa wiki inua chupa za maji za lita moja na nusu, moja kila mkono, mara 10, pumzika, rudia. Kisha kaa na uinuke kwenye kiti bila kujishika.

Hapa mama zangu nisikilizeni. Siku moja niliinua ndoo ya lita 20 huku nimebana pumzi. Macho yakaingia giza, nikadaka kizingiti cha mlango. Ukibana pumzi presha hupanda papo hapo. Toa pumzi unapoinua, vuta unaposhusha.

Zoezi nilipendalo ni la ukutani. Uchambuzi wa tafiti 270 uliotoka mwaka 2023 ulionyesha kuwa mazoezi ya kujikaza bila kusogea yalishusha presha kuliko mengine, wastani wa 8 kwa namba ya juu. Ya mwendo yalishusha kama 4 na nusu. Egemeza mgongo ukutani, sogeza miguu mbele hatua moja, shuka kama unayeketi. Watafiti hutumia dakika 2 mara 4. Mimi nilianza na sekunde 20, tena sikushuka sana, magoti hayakukubali. Nahesabu kwa sauti ili pumzi isikwame.

Siku 3 kwa wiki simama kwa mguu mmoja karibu na meza, ujizoeze usianguke. Nyonga ikivunjika, kutembea kote kumekwisha.

Kabla ya yote kaa kimya dakika 5, pima presha. Namba ya juu ikifika 180 au zaidi, au ya chini 110 au zaidi, acha mazoezi, nenda kituo cha afya. Na mshtuko wa moyo kwa mwanamke huweza kuja bila kifua kuuma sana: pumzi kukata, kichefuchefu, taya au mgongo kuuma, uchovu usioelezeka. Usiseme ni gesi. Keti, ita mtu.

Ndiyo maana sitoki peke yangu. Jirani hunigongea dirisha saa 11 na nusu, na kila mmoja wetu amefunga kwenye pindo la kanga karatasi yenye jina lake, dawa zake na namba ya simu ya mwanawe.