Somo: Safari ya Uturuki Msimu wa Theluji (tiketi za ndani, chakula, na baridi yenyewe)

Assalaam alaikum, na habari zenu ndugu zangu wa Kisenyi, Bombo, Arua, Jinja na popote mlipo. Tangu Desemba ianze simu yangu haijapumzika. Wengi mnataka kwenda Uturuki Januari kununua mali, na wengi hamjawahi kuiona theluji ila kwenye televisheni. Mimi nauza mazulia na mapazia, na nimekwenda huko majira ya baridi mara nne. Mara ya kwanza nililia uwanja wa ndege mbele za watu. Nitawaeleza kisa chake, maana sehemu kubwa ya somo hili imetoka kwenye kilio kile.

Hatua ya 1: Anza na tiketi, koti litafuata

Kila anayenipigia huuliza koti kwanza. Koti utalipata. Linaloharibu safari ni ndege ya ndani.

Istanbul ni mlango tu. Mazulia ya mashine yanafumwa Gaziantep, kusini mashariki, si mbali na mpaka wa Syria. Taulo na mashuka ni Denizli, upande wa magharibi. Fanicha ni Kayseri. Kutoka Istanbul hadi Gaziantep kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, kwa hiyo wafanyabiashara wengi huruka, na angani ni chini ya saa mbili.

Sasa sikilizeni vizuri. Istanbul ina viwanja viwili vikubwa. Kimoja kiko upande wa Ulaya, na kwenye tiketi kinaandikwa IST. Cha pili, Sabiha Gökçen, kiko upande wa Asia, ng'ambo ya mlango wa bahari, na kinaandikwa SAW. Ndege ya Turkish Airlines kutoka Entebbe hutua IST. Tiketi nyingi za ndani za bei rahisi zinatumia SAW. Kutoka kimoja hadi kingine kwa gari ni kama kutoka Kampala hadi Jinja, na jam yake.

Mimi sikulijua hilo. Nilinunua tiketi ya peke yake ya kunitoa Gaziantep asubuhi inifikishe SAW, halafu jioni nipande ya Entebbe pale IST. Niliona nina saa nane nzima za kupumua. Usiku ule theluji ikaanguka. Ndege ya asubuhi ikaahirishwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipotua SAW ilikuwa alasiri, barabara imejaa, magari yanatambaa. Nikafika kaunta ya Entebbe nikakuta imefungwa. Na kwa kuwa tiketi zilikuwa mbili tofauti, kila upande uliniambia kosa si lao, na kwa sheria zao walikuwa sahihi. Nilinunua tiketi mpya kwa pesa ambazo mteja wangu alikuwa amenitanguliza.

Kwa hiyo fanya moja kati ya haya mawili. Nunua safari yote kwa tiketi moja yenye namba moja ya bukingi, Entebbe–Istanbul–Gaziantep na kurudi. Hapo ukichelewa kwa sababu ya theluji, kampuni ndiyo itakayokutafutia ndege nyingine. Au kama umenunua mbalimbali, rudi Istanbul siku moja kabla na ulale. Ule usiku wa hoteli ni bei ndogo kuliko tiketi mpya. Na usiseme Istanbul ni mji mkubwa hauwezi kufungwa na theluji. Tarehe 24 Januari 2022 ndege zote zilisimamishwa pale IST, na paa la ghala moja la mizigo likaporomoka kwa uzito wa theluji. Ndege zilianza kurudi siku ya pili, tena kidogo kidogo.

Soma pia kilo. Tiketi ya kutoka Entebbe inaweza kukupa mabegi mawili ya kilo 23. Tiketi ya ndani iliyonunuliwa peke yake mara nyingi ni kilo 15, na zile za bei ya chini kabisa hazina begi la kuingia tumboni mwa ndege. Ziada wanapima kwa kilo na kulipisha pale pale. Mazulia msijaribu kubeba, hiyo ni kazi ya kago.

Hatua ya 2: Karatasi

Viza ishughulikie mapema hapa Kampala, na kadi ya homa ya manjano iwe ndani ya pasipoti. Kwenye ndege za ndani pia pasipoti ndiyo kitambulisho chako, kwa hiyo usiiache hotelini.

Hatua ya 3: Nguo

Nendeni soko la Owino. Makoti yanayoshuka kwenye marobota ya mivumba (mitumba) yalishonwa kwa ajili ya baridi hiyo hiyo. Ndiyo yale wanayovaa vijana wa bodaboda alfajiri. Ukilishika, vuta zipu juu chini mara tano, maana zipu ndiyo hufa kwanza. Kunja kiganja, lisugue begani: manyoya yakitokeza kwenye mshono, liache. Hakikisha linafunika makalio.

Istanbul Januari huwa kati ya nyuzi 3 na 9 hivi. Aliyelala Kabale anaweza kudhani anaijua baridi hiyo. Tofauti ni upepo wa baharini, unaoingia kwenye mikono ya koti na shingoni. Ndani ya koti vaa tabaka mbili tatu nyembamba badala ya sweta moja nene, kwa sababu madukani na ndani ya basi wanawasha joto mpaka unatoka jasho, na jasho hilo ukitoka nje nalo linageuka baridi. Kofia, glovu, skafu, mafuta ya mgando kwa midomo. Erzurum na milima ya mashariki ni habari nyingine, huko joto linashuka chini ya sifuri hata mchana.

Viatu ndivyo msivyobania pesa. Raba zenye soli laini zinateleza. Tafuta buti yenye meno, iwe kubwa kidogo ili soksi nene iingie bila kubana, kwani mguu uliobanwa damu haizunguki na vidole vinakufa ganzi. Ukitembea juu ya barafu piga hatua fupi, kanyaga kwa unyayo mzima, na mikono isikae mfukoni.

Hatua ya 4: Siku ya ndege ya ndani

Jambo litakalokushangaza: saa yao na yetu ni moja, hubadilishi chochote. Lakini jua ni lingine. Istanbul mwanzoni mwa Januari jua huchomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi. Saa moja, wakati hapa watoto wako njiani kwenda shule, huko bado ni giza totoro. Usingoje mwanga ndipo uamke, utaachwa.

Mlango wa uwanja wenyewe una ukaguzi kabla hujafika kaunta: koti, mkanda, mara nyingine na buti, vyote kwenye mashine. Ukishapata kadi ya kupandia unakaguliwa tena. Fika saa mbili kabla, tatu kama theluji inaanguka. Vibao vinasema İç Hatlar kwa safari za ndani na Dış Hatlar kwa za nje.

Na hapa Kiswahili kitawasaidia, kwa sababu sisi na Waturuki tulikopa kwa Mwarabu yule yule. Ukiona kwenye ubao neno İptal, huyo ni ndugu wa "batili" yetu, yaani ndege imefutwa. Tehir ni "kuahirishwa". Saat ni saa, na dakika ni dakika vile vile. Mhudumu akikwambia "bir dakika" umeshamwelewa.

Hatua ya 5: Kula

Baridi inakula nguvu. Mtu anayeshinda sokoni na chai na mkate mtupu hafiki jioni. Kula moto, na kula mapema.

Mchana tafuta lokanta, yaani mgahawa wa kawaida, ya mafundi na wenye maduka, si ile yenye picha kubwa na kijana anayekuvuta mkono mlangoni. Chakula kiko tayari nyuma ya kioo, kinatoa mvuke: maharage meupe kwa wali, mbilingani na nyama ya kusaga, kuku, supu. Unaonyesha kwa kidole, umemaliza. Mkate unawekwa mezani na mara nyingi huulipii. Supu ya dengu nyekundu wanaiita mercimek çorbası, kamulia limau na unyunyize pilipili. Anayependa supu ya matumbo aulizie işkembe, watamletea na kitunguu saumu na siki pembeni.

Gaziantep ni mji wa walaji, na UNESCO iliuorodhesha mwaka 2015 kuwa mji wa sanaa ya mapishi. Asubuhi yao ni beyran. Nilisimama karibu na mpishi nikamwangalia. Anapanga wali kwenye bakuli la chuma, juu yake nyama ya kondoo iliyochanwachanwa, kijiko cha kitunguu saumu, kijiko cha pilipili nyekundu, anamimina mchuzi, halafu bakuli lenyewe anaweka juu ya moto mkali mpaka linatokota pembeni. Linafika mezani bado linachemka. Ukimaliza, masikio yamepata joto. Kwangu mimi hakuna koti linaloshinda lile bakuli.

Jioni Istanbul, jaribuni boza. Ni kinywaji kizito cha nafaka, kinauzwa hasa majira ya baridi, juu yake mdalasini na dengu kubwa zilizokaangwa, si zile nyekundu za supu. Kwa aliyekulia kwenye bushera, kinywaji chetu cha nafaka iliyochachuka, ladha ile ya uchachu itamrudisha nyumbani mara moja. Ila imechachushwa, na ina kilevi kidogo sana. Anayejizuia kabisa anywe salep, maziwa ya moto mazito yenye mdalasini.

Mambo ya bili: tazama bei kabla hujakaa. Vijisahani vya mezani ambavyo hukuagiza, uliza kwanza kama vinalipiwa. Ukitaka kulipa sema "hesap", hesabu hiyo hiyo. Kwenye mgahawa wa kuhudumiwa mezani watu huacha kama asilimia 10, na lokantani huacha chenji.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada wa Kisenyi, muuza mapazia: Hajati, tiketi yangu imeandikwa 18:30. Ni saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi au ya jioni?

Jioni, mwanangu. Na umefanya vizuri kuuliza, kwa sababu kwa Kiswahili 06:30 na 18:30 zote ni saa kumi na mbili na nusu, na hapo ndipo watu wanapoachwa. Namba ikizidi 12, ni mchana au usiku. Iandike kwa kalamu juu ya tiketi yako: JIONI.

Mzee wa Bombo: Shikamoo si yangu kwako, lakini heshima yako Hajati. Udhu katika baridi hiyo tunafanyaje?

Marahaba ya heshima, mzee wangu. Misikiti mingi mijini ina maji ya vuguvugu. Kisha nunua khufu, yaani soksi za ngozi, wao wanaziita mest, zinauzwa maduka ya karibu na misikiti. Ukizivaa ukiwa na udhu, msafiri anapaka maji juu yake siku tatu na nyusiku zake bila kuvua. Magharibi Istanbul Januari huingia karibu saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo adhuhuri na alasiri zinakaribiana sana. Usije ukasema utaswali ukirudi hoteli.

Kijana wa Jinja: Nyama zote ni halali? Na mimi bila posho, yaani ugali, silali.

Sehemu kubwa ni halali, na nguruwe ni nadra. Neno lake ni domuz, ulijue ulikwepe. Dana ni ng'ombe, kuzu ni kondoo, tavuk ni kuku. Posho hutaipata, lakini migahawa ya watu wa Bahari Nyeusi wana mıhlama, unga wa mahindi unaopikwa na siagi na jibini inayovutika. Si posho ya kwetu, ila tumbo litaelewa.

Mama wa Arua: Ndege ya ndani ikiahirishwa nikiwa peke yangu, nifanye nini?

Usiondoke karibu na kaunta, mama. Ukicheleweshwa saa mbili au zaidi unastahili kinywaji, na kadiri muda unavyoongezeka, chakula. Ikifutwa unachagua: kurudishiwa pesa au kupangiwa ndege nyingine. Fidia ya ziada usiitarajie, maana theluji haihesabiwi kuwa kosa la kampuni. Na simu iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwa sababu baridi inamaliza betri haraka, na namba yako ya bukingi iko humo. Iandike na kwenye karatasi.

Dada wa Kisenyi tena: Rafiki yangu alisema ndege ilisimama uwanjani kabla ya kuruka, gari likaja kuimwagia maji ya rangi ya chungwa, akadhani inaungua.

Hiyo ni dawa ya moto ya kuyeyusha barafu. Barafu ikishika bawa inaharibu umbo lake, hewa haipiti inavyotakiwa, na ndege haipati nguvu ya kuinuka. Utasikia kishindo cha maji ubavuni, dirisha litafunikwa na povu, na harufu tamu kidogo inaweza kuingia ndani. Inachukua dakika chache, ila foleni ya ndege zinazosubiri ndiyo inayochelewesha. Mimi nikiliona gari hilo linakuja, ndipo nafunga mkanda na kusoma dua yangu kwa utulivu.