Somo: Kuilinda simu ya nyumbani dhidi ya matapeli na virusi

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu habari zenu.

Mama yangu mdogo alipigiwa simu na mtu aliyemwita kwa jina, akakitaja kikoba chake, akamtaja hadi katibu. Akaambiwa kikoba kinahamia grupu jipya la WhatsApp, asome tarakimu sita zilizoingia kwenye meseji. Akazisoma. Muda si mrefu WhatsApp yake ikamtoa, na wanakikoba wakaanza kupokea ujumbe wenye jina na picha yake: "Naomba nikopeshe laki mbili, kesho asubuhi nakurudishia." Watatu walituma. Mama mdogo alilia siku nzima, na kilichomliza zaidi ni aibu. Ndiyo maana nawaomba mfanye haya leo, kwenye simu zenu na za wazazi wenu.

Hatua ya 1: Ifunge WhatsApp kwa PIN

Ingia Mipangilio, kisha Akaunti, kisha uthibitishaji wa hatua mbili. Weka tarakimu sita unazozichagua mwenyewe, na barua pepe ya kukusaidia ukizisahau. Usiweke mwaka wa kuzaliwa. Kuanzia hapo, hata tapeli akizipata zile tarakimu za kwenye meseji, bado ataulizwa PIN. Mama mdogo angekuwa nayo, mchezo ungeishia hapo. Kisha angalia vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kompyuta usiyoijua, iondoe.

Hatua ya 2: Hesabu laini zako

Hapa Tanzania, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Wapo walioambiwa na msajili wa barabarani "kidole hakijashika, weka tena", kumbe kila kidole kilikuwa kinasajili laini ya mtu mwingine. Ukikuta namba usiyoitambua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika waifute, maana ikitumika kutapeli, jina litakaloonekana ni lako.

Hatua ya 3: Kata simu, kisha piga wewe

Huduma kwa wateja ya mitandao yetu ni namba 100. Anayejiita mtu wa mtandao huku anapiga kwa namba ya kawaida, kata. Namba yako ya siri haiulizwi na yeyote.

Ile meseji ya "hiyo hela nitumie kwenye namba hii" hunasa watu kwa sababu inatumwa kwa watu wengi mno, na miongoni mwao hakosekani mtu ambaye dakika ileile anataka kumtumia mwenye nyumba kodi. Mpigie mwenye nyumba kwa namba unayoijua. Na ukiambiwa "nimekosea kutuma, nirudishie", angalia salio lenyewe, usiiamini meseji. Kama hela kweli imeingia, mwambie awasiliane na mtandao wake, wao ndio wanaorudisha muamala. Namba ya tapeli itume kwa meseji kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Hatua ya 4: Soma mwisho wa jina la faili

Picha huishia na .jpg na waraka .pdf. "Kadi ya harusi" inayoishia na .apk ni programu. Ukiiruhusu, itaomba kusoma meseji zako, na humo ndimo zinamoingia namba za uthibitisho za benki. Mbinu hii ni kongwe: mwaka 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilizunguka dunia kikijifanya barua ya mapenzi. Pakua programu Play Store tu.

Kwa wenye kompyuta: acheni Windows Defender, kinga ya virusi inayokuja na Windows, ifanye kazi, na msiizime kwa ajili ya kuweka programu ya bure iliyovunjwa kufuli.

MASWALI

Swali: Mkuu, mimi nimeshazisoma hizo namba sita. Nimechelewa?

Hapana, ila fanya sasa hivi. Sajili upya namba yako kwenye WhatsApp, subiri meseji, ingiza tarakimu mpya. Ukiziingiza tu, mwizi anatoka. Ukiulizwa PIN usiyoijua, basi ameiweka yeye na utasubiri siku 7, lakini naye hayumo tena. Wakati huo wapigie ndugu kwa simu ya kawaida, uanze na wale wasiokunyima hela.

Swali: Nilielekezwa kupiga *21* na namba fulani, nikapiga. Ina madhara?

Ndiyo, umehamishia simu zako kwake, na WhatsApp hutoa namba za uthibitisho hata kwa kupiga simu. Piga ##002# kufuta.

Swali: Flashi imetoka steshenari, mafaili yamegeuka ikoni zenye mshale.

Usizibonyeze. Mafaili yapo, yamefichwa. Ichunguze kwanza kwa Defender, kisha fungua CMD (dirisha la kuandikia amri kwenye Windows) uandike attrib -h -r -s /s /d G:\*.* ukibadilisha G iwe herufi ya flashi yako.

Swali: Baba yuko kijijini na simu ya batani. Haya yote hayamhusu, lakini anatapeliwa kwa sauti za "mwanao kapata ajali".

Yanamhusu sana, dada. Kubalianeni swali moja ambalo jibu lake liko ndani ya familia tu na halijawahi kuandikwa mtandaoni. Akipigiwa, aulize kwanza. Kwetu tumelifanyia mazoezi na bibi, anatuuliza hata tukipiga kumsalimia.