Beringi za skeitibodi: osha kwa petroli, siyo maji

Anayeendesha skeitibodi (ubao wenye magurudumu manne) karibu na bahari, mfano Masaki au Coco Beach jijini Dar es Salaam, beringi ndizo zitamfia mwanzo. Chumvi huvuta unyevu, ikikutana na vumbi unapata uji unaosaga gololi. Fungua nati ya tairi kwa spana namba 13, chomoa beringi zote nane (mbili kila tairi), kisha bandua kifuniko cha mpira kwa ncha ya pini, taratibu, kisikunjike. Vifuniko vioshe kwa maji ya sabuni peke yake, maana petroli huvimbisha mpira. Beringi zenyewe zitie kwenye kopo la petroli, nje, mbali na moto, tikisa dakika mbili, badilisha petroli, rudia mpaka ibaki safi. Zikauke kabisa, halafu matone mawili ya mafuta ya cherehani kwa kila moja. Mawili tu! Mafuta yakizidi yanakusanya vumbi upya. Ile dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu usiitumie badala ya mafuta. Inaondoa grisi iliyomo na yenyewe haikai.

Ukishaosha, zungusha kwa kidole. Bado inakwaruza? Kutu imeshachimba njia ya gololi, na hapo hakuna kuosha kutakakosaidia. Nunua nyingine, namba ni 608: tundu milimita 8, kipenyo cha nje 22. Ni saizi ileile ya mota nyingi ndogo, kwa hiyo hata duka la kawaida la beringi linaweza kuwa nayo.