Somo: Nia ovu mahakamani si chuki, isome hivi

Ndugu wanachama, neno hili limewapotosha wengi. Mtu anasoma hukumu, anakutana na "nia ovu", anadhani mahakama imesema mshtakiwa alikuwa na kinyongo. Mara nyingi sivyo.

Hatua ya 1. Jua kesi ni ya jinai au ya madai. Usibebe maana ya upande mmoja ukaipeleka upande wa pili.

Hatua ya 2. Kwenye jinai, tafuta alichokusudia au alichokitambua. Kesi ya kusoma ni R v Cunningham ya Uingereza, 1957. Bwana mmoja aling'oa mita ya gesi ukutani ili aibe fedha zilizokuwa ndani yake. Gesi ikavuja, ikapenya nyumba ya pili na kumdhuru mwanamke aliyekuwa amelala. Jaji aliiambia juri (raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia) kwamba nia ovu maana yake ni uovu tu. Mahakama ya rufaa ikaifuta hatia ile: ilipasa ithibitike kwamba alikusudia madhara ya aina hiyo, au aliona yanaweza kutokea na bado akaendelea. Kuiba ni uovu, ndiyo, lakini wizi hauonyeshi kwamba aliwaza gesi itamfikia mtu.

Hatua ya 3. Kwenye mauaji, usitafute chuki wala mipango ya siku nyingi. Kwa sheria ya Uingereza inatosha mtu awe amekusudia kuua au kujeruhi vibaya sana, hata kama nia hiyo ilimjia papo hapo. Anayemuua mgonjwa wake mpendwa ili kumpumzisha na maumivu hana chuki hata chembe, na bado sheria inamhesabu kuwa na nia ovu. Mfano huu huniuma kila ninapoufundisha.

Hatua ya 4. Kwenye madai, uliza kama nia ni sehemu ya dai lenyewe. Kwa kawaida si sehemu yake. Mwaka 1895, katika Bradford v Pickles, mwenye ardhi alichimba kwake na kuathiri maji yaliyokuwa yakienda kwenye chanzo cha mji. Mji ukadai kwamba anataka tu kuulazimisha umlipe. Mwenye ardhi alishinda katika mahakama ya juu kabisa: tendo halali haligeuki kosa kwa sababu ya nia mbaya. Nia ovu inapata uzito kwenye madai machache, hasa mashtaka ya hila (kumfungulia mtu kesi bila sababu ya msingi) na kashfa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mtu anayenichukia alinishtaki kwa wizi, nikaachiwa huru. Naweza kumdai fidia?*

Unaweza kujaribu, ila chuki yake peke yake haitoshi. Thibitisha kwamba yeye ndiye aliyesababisha ushtakiwe, kesi iliisha kwa faida yako, hakuwa na sababu ya msingi, aliongozwa na nia ovu, na ulipata hasara. Wengi hukwama kwenye sababu ya msingi. Akiwa nayo, hata akuchukie vipi, dai lako linaanguka.

*Na kwenye kashfa, mwalimu?*

Hapo angalia nchi. Marekani, tangu New York Times v Sullivan ya 1964, kiongozi wa umma lazima aonyeshe kwamba aliyemwandika alijua ni uongo, au hakujali kama ni kweli au uongo. Chuki ya mwandishi siyo kipimo. Uingereza nia ovu huvunja kinga ya kutodaiwa kashfa aliyonayo anayesema jambo kwa wajibu wake, mathalani kutoa taarifa juu ya mfanyakazi wa zamani. Akiwa anaamini kwa dhati anachosema, kinga hubaki, isipokuwa ithibitike kwamba lengo lake kuu lilikuwa kumdhuru mtu.

*Nani anaona moyo wa mtu hadi aithibitishe nia?*

Hakuna, ndiyo maana mahakama husoma matendo: silaha iliyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo, maneno ya kabla na baada, na kama alikimbia au aliita msaada.